Mwongozo kamili: Isome karatasi ya mfuko wa uwekezaji kabla hujatuma shilingi

"Niliweka elfu ishirini, wakaniambia asilimia 12. Mwezi umekwisha, naona shilingi 170 tu. Si wameniibia hawa?"

Swali hili, kwa sura hii au ile, huniandama kila ninapokaa Mkunguni, hapa Lamu, baada ya alasiri. Juzi lilitoka kwa mvuvi wa Shela. Kabla yake lilitoka kwa dada mmoja auzaye mahamri Langoni. Hakuna aliyeibiwa. Wote walituma pesa kabla ya kusoma karatasi, au waliisoma wakaruka maneno wasiyoyajua. Nimeeleza kwa mdomo, nikaeleza kwa sauti ya WhatsApp, na kosa linarudi lile lile. Sasa naandika.

Mwongozo huu ni wa mifuko ya uwekezaji wa pamoja iliyopo Kenya, zaidi ule ambao watu wengi huanzia: mfuko wa soko la fedha, unaojulikana kwa herufi MMF. Fuata hatua kwa mpangilio. Anayeanzia hatua ya nane ndiye anayekuja kuniuliza habari za shilingi 170.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Kitambulisho cha taifa na PIN ya KRA.
- Laini ya M-Pesa au akaunti ya benki iliyo kwa jina lako mwenyewe, si la mume wala la kaka.
- Karatasi ya taarifa ya mfuko ya mwezi uliopita. Ni ukurasa mmoja au miwili, na kampuni hutoa bure. Wakikuzungusha kukupa, rudi nyumbani.
- Jina na namba ya kitambulisho cha mtu wa kupokea pesa ukifariki.
- Kikokotoo cha simu, daftari na kalamu.

Jambo moja limekwamisha wengi hapa Lamu: majina. Kitambulisho kinasema Mohamed, M-Pesa inasema Muhammad, na KRA wameandika jina la babu mahali pa jina la baba. Kuweka pesa huwa hakuna tatizo. Tatizo huja siku ya kutoa, mfumo unapokataa kwa sababu majina hayalingani. Sawazisha majina yote matatu kabla ya kujaza fomu yoyote.

## Hatua ya 1: Zijue pesa zako ni za lini

Chukua daftari, gawa ukurasa mara tatu. Kwanza pesa utakazohitaji ndani ya wiki. Pili zitakazohitajika ndani ya mwaka, mfano karo ya Januari au mashine ya boti. Tatu zile usizozigusa kwa miaka mitatu na zaidi.

Sisi watu wa bahari tuna jambo la kuangalia zaidi ya mwenye mshahara. Kaskazi likiingia bahari hutulia, kamba hupatikana na wageni huja. Kusi likishika, boti hukaa juu ya mchanga na mfuko hukauka. Pesa za kula wakati wa kusi haziendi mahali zinapoweza kupungua thamani.

Hapa unakutana na maneno mawili ya mwanzo. Ukwasi ni wepesi wa kugeuza ulichowekeza kuwa pesa mkononi. Noti iliyo mfukoni ina ukwasi wote. Kiwanja cha Hindi kina ukwasi mdogo, kwani waweza kukaa miezi ukingoja mnunuzi. Hatari ni uwezekano wa kupata pungufu ya ulichotarajia, au kupoteza sehemu ya mtaji wenyewe.

Onyo: mfuko wa soko la fedha una ukwasi mzuri, lakini haulingani na M-Pesa. Ukiomba pesa, kwa kawaida hufika baada ya siku mbili au tatu za kazi, na Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Mashine ikiharibika Alhamisi jioni, huenda ukaziona Jumanne. Kwa hiyo pesa za fungu la kwanza zibaki karibu na mkono.

Umefaulu hatua hii ikiwa kila fungu lina kiasi na tarehe yake.

## Hatua ya 2: Jua nani anashika nini

Wengi hudhani kampuni inayotangaza mfuko ndiyo inayolala na pesa zao. Sivyo inavyotakiwa kuwa. Fikiria jahazi la shehena.

Meneja wa mfuko ni nahodha. Ndiye anayeamua pesa zinunue nini na lini. Shehena si yake, na hulipwa ujira.

Mtunza mali ni ghala, na mara nyingi huwa ni benki. Pesa na hati za mfuko hukaa kwake kwa jina la mfuko, mbali na pesa za meneja. Nahodha akifilisika, wadai wake hawana haki ya kubeba shehena yako.

Mdhamini ni mtu aliyewekwa kwa niaba ya wenye shehena kumwangalia nahodha, asije akaelekeza chombo kule ambako hakuruhusiwa. Kisha yuko mkaguzi wa hesabu, anayehakiki vitabu kila mwaka.

Sababu ya kukueleza yote haya: usalama wako katika mfuko unatokana na kutengana kwa watu hawa. Hautokani na bima. Ukiweka akiba benki, Shirika la Bima ya Amana la Kenya hulinda hadi shilingi 500,000 benki ikianguka. Mfuko wa uwekezaji haumo katika ulinzi huo, na ajenti anayekuambia kwamba umo, ama hajui ama anakudanganya.

Tafuta majina manne kwenye karatasi, uyaandike daftarini. Meneja na mdhamini wakiwa kampuni moja, au mtunza mali hatajwi popote, acha.

## Hatua ya 3: Kagua leseni wewe mwenyewe

Mifuko hii husimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, herufi zake CMA. Tovuti ya mamlaka ina orodha ya kampuni zenye leseni na ya mifuko iliyoidhinishwa. Fungua orodha hiyo mwenyewe; usikubali picha ya skrini uliyotumiwa.

Linganisha jina herufi kwa herufi. Matapeli hupenda jina linalokaribiana na la kampuni inayojulikana, wakaongeza neno moja nyuma. Kisha angalia leseni ni ya kazi gani, maana kampuni yaweza kuwa na leseni ya kutoa ushauri tu na isiwe na ruhusa ya kuendesha mfuko.

Na cheti cha kusajili kampuni si leseni ya kukusanya pesa za watu. Hata duka la samaki laweza kusajiliwa kampuni. Nasema hivi kwa uchungu kidogo: ami yangu alionyeshwa cheti kama hicho, kina muhuri na kimetiwa fremu, akatoa pesa za mashua aliyouza. Waliompa ahadi walisema asilimia 10 kwa mwezi. Miezi miwili walilipa, wa tatu simu zikazimwa. Malipo ya mwanzo yalitoka kwenye pesa za walioingia nyuma yake.

Alama za kukukimbiza: faida inayotajwa kwa wiki au kwa mwezi, "hakuna hasara kabisa", zawadi kwa kuleta watu, na kutakiwa utume pesa kwa namba ya simu ya mtu. Pesa za mfuko huenda kwenye namba ya malipo au akaunti iliyo kwa jina la mfuko. Kabla ya kutia namba ya siri, soma jina linalotokea kwenye skrini.

## Hatua ya 4: Elewa kipande

Ukiweka pesa katika mfuko, unapewa vipande. Fomu nyingine zitaviita yuniti. Ni kama watu mia walionunua boti moja la uvuvi, kila mmoja ana sehemu yake, na sehemu hupanda au hushuka thamani pamoja na boti.

Herufi NAV zinazoonekana kwenye karatasi ni thamani halisi ya mali: mali yote ya mfuko, toa madeni. Ukigawa kwa idadi ya vipande unapata thamani ya kipande kimoja. Fanya hesabu hii nami:

- Mali ya mfuko: shilingi 5,250,000
- Madeni: shilingi 50,000
- Inabaki: shilingi 5,200,000
- Vipande vilivyopo: 50,000
- Thamani ya kipande: shilingi 104

Ukiweka shilingi 5,200 unapata vipande 50. Thamani ikishuka hadi 98, vipande vyako bado ni 50, lakini pesa yake ni 4,900. Hakuna aliyechukua 300 zako. Mali ndiyo iliyoshuka bei. Ikipanda hadi 110, unazo 5,500.

Kosa la kawaida ni kudhani mfuko wenye kipande cha shilingi 20 ni "rahisi" kuliko wa shilingi 104. Bei ya kipande pekee haikuambii kitu. Kinachohesabika ni asilimia iliyopanda au kushuka.

Katika mifuko mingi ya soko la fedha bei ya kipande haiyumbi, na faida huongezwa kila siku kwenye salio. Ndiyo maana wengi wameshawahi kuwa na MMF bila kulisikia neno kipande, kisha wakahamia mfuko wa hisa na kushtuka salio lilipopungua.

## Hatua ya 5: Jua pesa zinaenda kununua nini

Mfuko wa soko la fedha huweka pesa kwenye amana za benki na dhamana za serikali, yaani mikopo ya muda mfupi kwa serikali, zile za siku 91, 182 na 364. Unafaa fungu la pili la daftari lako.

Mfuko wa mapato ya kudumu hununua zaidi hatifungani, yaani mikopo ya muda mrefu kwa serikali au kampuni. Unalipa vizuri, ila viwango sokoni vikipanda, hatifungani za zamani hushuka bei, na kipande hushuka nazo.

Mfuko wa hisa hununua sehemu za kampuni zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Wanaokumbuka hisa za Safaricom mwaka 2008 watanielewa. Ziliuzwa kwa umma shilingi 5 moja, watu wakakopa ili wanunue, na ndani ya mwaka mmoja bei ilikuwa chini ya 4. Waliokopa waliumia, waliongoja miaka walikuja kucheka. Kwa hiyo ni fungu la tatu tu, na bila deni.

Mfuko wa mchanganyiko una hisa na hatifungani pamoja.

## Hatua ya 6: Piga hesabu ya shilingi zitakazokufikia

Hapa ndipo watu huzama, kwa hiyo nitakwenda pole pole.

Kwanza, ni kwa mwaka. Karatasi ikisema asilimia 12, au 12% p.a., maana yake ni kwa mwaka mzima. Yule mvuvi aliweka 20,000 akatarajia 2,400 mwisho wa mwezi. Hesabu yenyewe ni hii: asilimia 12 ya 20,000 ni 2,400 kwa mwaka. Gawa kwa miezi 12, ni 200. Toa kodi, ni 170. Shilingi zake zilikuwa sawasawa.

Pili, kodi. Faida ya mfuko wa soko la fedha hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15 kabla haijakufikia. Inakatwa kwenye faida. Mtaji wako hauguswi. Njia ya mkato: zidisha kiwango kilichotangazwa kwa 0.85. Asilimia 12 inakuwa 10.2.

Tatu, ada. Ada ya usimamizi ni ujira wa nahodha, huhesabiwa kwa mwaka juu ya pesa zote zilizomo. Ada ya asilimia 2 kwenye shilingi 100,000 ni 2,000 kila mwaka, upate faida usipate. Mifuko mingi ya soko la fedha hutangaza kiwango ambacho ada imeshatolewa lakini kodi bado. Mingi, si yote. Uliza kwa maneno haya: "Kiwango hiki ni baada ya ada? Ni baada ya kodi?" Ukilinganisha mfuko uliotangaza kabla ya ada na uliotangaza baada ya ada, unapima samaki mmoja na magamba na mwingine bila magamba.

Uliza pia kama kuna ada ya kuingia na ada ya kutoka. Katika MMF ni nadra kuzikuta. Kwenye mifuko ya hisa zaweza kuwepo.

Nne, faida juu ya faida. Karatasi nyingine huonyesha viwango viwili: cha siku na kiwango halisi cha mwaka. Cha pili huchukulia kwamba faida yako hukuitoa, nayo ikazaa. Asilimia 12 inayoongezwa kila mwezi hufika 12.68 kwa mwaka ukiiacha. Anayetoa faida yake kila mwezi kununua vocha hataiona ile 0.68.

Weka yote pamoja, kwa mtu mwenye shilingi 10,000 na kiwango cha 12 baada ya ada:

- Kwa siku, kabla ya kodi: 1,200 gawa kwa 365 = shilingi 3.29
- Kwa siku, baada ya kodi: shilingi 2.79
- Kwa mwezi, baada ya kodi: shilingi 85
- Kwa mwaka, akitoa faida kila mwezi: shilingi 1,020
- Kwa mwaka, akiiacha izae: takriban shilingi 1,069

Tano, bei za sokoni. Mfumuko wa bei ni kasi ya vitu kupanda. Serikali hulenga ubaki kati ya asilimia 2.5 na 7.5 kwa mwaka. Ukiwa 5, na wewe umepata 10.2 mkononi, nguvu ya pesa yako imekua karibu 5 tu. Aliyeficha kwenye kibubu chini ya kitanda amepoteza hiyo 5.

Onyo: kiwango cha leo si ahadi ya kesho. MMF hufuata dhamana za serikali. Katikati ya mwaka 2024 dhamana ya siku 91 ilikuwa ikilipa karibu asilimia 16. Kufikia Februari 2025 ilikuwa imeshuka chini ya 10, na mifuko ikashuka pamoja nayo. Watu walipiga kelele kwamba kampuni zimebadilika. Maji yalikuwa yamekupwa, na vyombo vyote vilishuka. Mfuko mmoja ukibaki juu sana peke yake wakati wengine wameshuka, hapo ndipo pa kuuliza mfuko huo umeziweka wapi pesa.

Umefaulu ukiweza kuandika daftarini kwa shilingi, si kwa asilimia, utakachoona mwisho wa mwezi wa kwanza.

## Hatua ya 7: Kwa anayechelea riba

Kiswahili kimetuweka mahali pagumu: benki hutumia neno riba kama jambo la kawaida, na msikitini neno hilo hilo ni haramu. Tusizunguke. Amana za kawaida na dhamana za serikali hulipa riba, na MMF ya kawaida imejengwa juu ya hizo. Kuibadilisha jina ikaitwa faida hakubadilishi kilichomo.

Ipo mifuko inayofuata Sharia. Huweka pesa kwa njia kama mudharaba, ambapo mwenye mali na mfanyaji kazi hugawana faida kwa uwiano waliokubaliana, au sukuk, hati za umiliki wa mali inayoleta kipato. Jina la Kiarabu kwenye tangazo halitoshi. Uliza mambo matatu:

- Bodi ya Sharia ina nani, na fatwa yao ya mwisho iko wapi?
- Orodha ya mali iliyonunuliwa inaonyesha nini?
- Kipato kisichofaa kikiingia kwa bahati mbaya, hutakaswa vipi? Mifuko makini hukitenga na kukitoa sadaka, na hueleza kiasi.

Tarajia lugha tofauti pia: hawatakuahidi kiwango, watakuambia faida inayotarajiwa.

Zaka haikuondoki kwa sababu pesa ziko mfukoni mwa meneja. Ni asilimia 2.5 ya kilichofika nisabu, yaani kiwango cha chini cha kutolewa zaka, na kutimiza mwaka wa mwezi mwandamo, ambao ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko mwaka wa taarifa ya kampuni. Kwa hiyo usingoje taarifa ya Desemba. Andika tarehe yako ya Kiislamu. Namna ya kuhesabu vipande vya hisa, muulize shekhe wako. Mimi ni mtu wa hesabu tu.

## Hatua ya 8: Weka kidogo, toa kidogo

Sasa jaza fomu. Sehemu ya mrithi usiiache wazi. Nimeona mjane akizunguka kati ya kwa kadhi na ofisi za Mombasa kwa pesa ambazo zingehitaji mstari mmoja.

Tuma kiwango cha chini cha kuanzia peke yake, kile kilichoandikwa kwenye karatasi. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa. Ndani ya siku chache za kazi unapaswa kupata uthibitisho wenye jina lako, namba ya mwanachama na salio. Usipoupata, piga simu kabla ya kuongeza chochote.

Ngoja mwezi mmoja. Fungua taarifa ya akaunti na daftari lako kando. Linganisha faida na hesabu ya hatua ya sita. Tofauti ya shilingi mbili tatu ni ya kawaida, kwa sababu kiwango hubadilika kila siku na pesa hazianzi kuzaa siku ile ile ulipotuma. Tofauti ya nusu nzima si ya kawaida. Omba maelezo kwa barua pepe, si kwa simu, ili yabaki maandishi.

Kisha omba kutoa sehemu ndogo, hata kama huihitaji. Watu huruka hatua hii kwa kuona haya, kama kwamba kuomba pesa yako ni kumtilia mtu shaka. Omba Jumatatu asubuhi, andika saa, na uandike tena saa pesa zilipofika. Kama unapanga kuweka kiasi kikubwa, kumbuka M-Pesa haipitishi zaidi ya shilingi 250,000 kwa mara moja, kwa hiyo andikisha na akaunti ya benki mapema.

Zikifika Jumatano kwa jina lako na kwa kiasi ulichoomba, ongeza pesa za fungu la pili. Zikipita Ijumaa bila maelezo, toa zilizobaki, kisha uje nazo Mkunguni tutafute mfuko mwingine.